Maswali ya Wasomaji: Ahadi Zinazotolewa Mezani pa Kampuni

Tangu tulipochapisha makala fupi kuhusu John Company, mchezo wa mezani uliobuniwa na Mmarekani Cole Wehrle ambao toleo lake la pili lilitoka mwaka 2022, barua za wasomaji zimezidi nafasi ya ukurasa huu. Kwa ambaye hakuisoma makala ile, yatosha kusema kwamba kila mchezaji, na wanaweza kufika sita, husimamia familia moja ya Kiingereza inayotaka kupanda daraja kwa kupitia Kampuni ya Uingereza ya India Mashariki, ile iliyopewa hati na Malkia Elizabeth wa Kwanza tarehe 31 Desemba 1600. Hakuna njia ya kuzungusha kete kama katika Ludo. Kuna ofisi za kugombea, yaani vyeo vya Kampuni, hazina moja ambayo kila mtu ana sababu ya kuitamani, na saa nyingi za mazungumzo, kwa kuwa karibu kila kitu mezani kinaweza kuuzwa, kukopeshwa au kuahidiwa. Nimechagua barua nne, na zilizofanana nimezijibu ndani ya hizo.

Niliiokoa Kampuni, nikawa wa nne

*Ndugu Mhariri, salamu. Sisi ni marafiki watano tunaokutana Jumamosi jioni, na mmoja wetu ndiye aliyekuja na mchezo huu kutoka Ujerumani. Katika mchezo wetu wa pili nilichaguliwa kuwa Mwenyekiti wa Kampuni na nikakaa katika kiti hicho duru tatu mfululizo. Nilikopa kwa kiasi, nikazigawia ofisi zote fedha bila upendeleo, nikalipa gawio kila ilipowezekana, na hadhi ya Kampuni ikapanda hata wenzangu wakanipongeza. Tulipohesabu pointi nilikuwa wa nne kati ya watano. Aliyeshinda alikuwa mtu wa meli, ambaye usiku kucha hakuonekana kufanya jambo lolote la maana. Je, mchezo una kasoro, au mimi ndiye sikuuelewa?*
*Mwenyekiti Mstaafu, Upanga, Dar es Salaam*

Mwenyekiti wangu, mchezo hauna kasoro, nawe hukucheza vibaya. Tatizo ni kwamba ulicheza mchezo ambao wenzako hawakuwa wakiucheza. Wewe uliisimamia Kampuni, wao walizisimamia familia zao. Soma tena sehemu ya kuhesabu pointi na utaona kwamba familia hujinyanyua hasa pale mtu wake anapostaafu na kuitumia akiba yake kujinunulia jumba la mashambani, ndoa yenye jina au heshima nyingine ya London. Pauni zilizolala salama katika hazina ya Kampuni usiku wa mwisho, zile ulizozilinda kwa uaminifu, hazimnunulii mtu yeyote jumba.

Mbuni wa mchezo hakulizua jambo hili ili kukukomoa, kwa sababu ndivyo Kampuni yenyewe ilivyokuwa. Karani aliyepelekwa Bengal au Madras alilipwa mshahara mdogo sana, na Kampuni ilimruhusu afanye biashara yake mwenyewe katika bandari za Asia. Nahodha naye alitengewa nafasi ya shehena yake binafsi ndani ya meli iliyobeba mali ya Kampuni. Kijana wa familia nzuri hakuvuka bahari na kujihatarisha kwa homa kwa ajili ya mshahara ule. Robert Clive, kamanda wa jeshi la Kampuni, baada ya mapigano ya Plassey, huko Bengal, ya tarehe 23 Juni 1757, alipokea kutoka kwa Mir Jafar, mtawala mpya wa Bengal ambaye Waingereza walimsaidia kukikalia kiti, zawadi ya pauni 234,000, kisha akarudi kwao kununua mashamba na ushawishi bungeni. Miaka 15 tu baada ya ushindi ule, mwaka 1772, Kampuni ilikuwa imeishiwa kiasi cha kuiendea serikali kuomba kuokolewa, na mwaka uliofuata ikapewa mkopo wa pauni milioni 1.4 pamoja na sheria ya kuidhibiti. Watu wake walikuwa matajiri nayo ilikuwa haina kitu. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na sijui methali nyingine inayoufaa mchezo huu kuliko hiyo.

Sasa tuje kwenye kosa lako la kiutendaji, ambalo ni kugawa bure kitu ulichopaswa kukiuza. Mwenyekiti hana bidhaa nyingine isipokuwa uamuzi wake kuhusu ni ofisi ipi ipate pauni ngapi, na bei ya pauni hizo inaweza kukokotolewa. Ofisi inapolazimika kurusha dadu, kwa kawaida kila pauni inayotumika hununua dadu moja, kisha hutazamwa dadu yenye namba ndogo kuliko zote: ikionyesha 1 au 2, kazi imefanikiwa, 3 au 4, imeshindikana bila madhara makubwa, na ikiwa hata iliyo ndogo ni 5 au 6, mambo yameharibika na mwenye ofisi huenda akakipoteza kiti chake. Kwa dadu moja uwezekano wa kufanikiwa ni asilimia 33, na ule wa kuharibikiwa ni huohuo. Kwa dadu mbili kufanikiwa kunafika asilimia 56, kwa tatu asilimia 70, kwa nne asilimia 80, kwa tano asilimia 87. Hatari ya kuharibikiwa inashuka kwa kasi zaidi: mara moja kati ya tatu, kisha moja kati ya tisa, kisha moja kati ya 27.

Ziangalie hesabu hizo kwa jicho la muuzaji. Rafiki yako anayeongoza Madras akiwa na pauni mbili tayari anaweza kuthubutu, lakini bado anahofia kiti chake. Pauni ya tatu inamwongezea karibu asilimia 15 za mafanikio na kuipunguza hofu yake mara tatu. Hiyo ndiyo pauni unayoiuza. Unaweza kuibadilisha na nafasi ya karani kwa ajili ya mpwa wako, na kura yake katika uchaguzi ujao wa Mwenyekiti, au na fedha taslimu kutoka mfukoni mwake mwenyewe, na atalipa, kwa sababu kiti kile ni chake ilhali pauni ile ni ya Kampuni. Pauni ya tano, kwa upande mwingine, inamwongezea asilimia saba tu. Ukimpa mtu pauni ya tano kabla wengine hawajapata ya tatu, basi au amekulaghai au mna undugu.

Nakushauri pia usiende upande wa pili ukaikamua Kampuni hadi ife. Hadhi yake ikishuka hadi chini inavunjika, mchezo unakwisha palepale, pointi zinahesabiwa, na mara nyingi aliyekuwa akipanga kustaafu duru inayofuata ndiye hubaki ameduwaa. Mtu wa meli aliyekushinda alijua hilo. Aliihitaji Kampuni iendelee kuwa hai ili izihitaji meli, na wewe ukamfanyia kazi ya kuiweka hai bila kumdai hata senti. Nikiri kwamba mimi mwenyewe ilinichukua michezo mitatu kuacha kuona haya kuomba malipo yangu binafsi kwa fedha isiyokuwa yangu. Haya ile, nadhani, ilikuwa jambo jema ndani yangu, na mchezo unaonyesha kwa usahihi wa kutisha jinsi inavyoondoka.

Aliniahidi kazi ya mwanangu, akampa mkewe

*Mheshimiwa Mhariri, nina rafiki tuliyesoma naye tangu sekondari. Katika mchezo wetu wa mwisho aliniomba kura zangu za hisa ili awe Mwenyekiti, akaniahidi mbele ya wote kwamba nafasi ya kwanza ya kazi itakayokuwa mikononi mwake ataijaza na mtu wa familia yangu. Nafasi ilipopatikana, duru mbili baadaye, alimpa mkewe, ambaye pia alikuwa akicheza, na wote wawili wakacheka. Leo ni wiki ya pili hatuzungumzi. Wenzetu wanapendekeza tuweke kanuni ya nyumbani kwamba kila ahadi inayotolewa mezani lazima itimizwe. Unasemaje?*
*Aliyeachwa Bandarini, South B, Nairobi*

Ndugu yangu, pole, lakini msiiweke kanuni hiyo. Kanuni za mchezo hutofautisha mapatano yanayotekelezwa papo hapo, ambayo hayana kurudi nyuma, na yale ya siku zijazo, ambayo hutegemea nia ya aliyeahidi. Mkilazimisha kila ahadi itimizwe mtalazimika pia kuanzisha mahakama, kwa sababu itabidi mtu aamue kama ahadi ya kazi inabaki palepale ofisi inapobadilisha mkono, kama neno «nafasi ya kwanza» lilikuwa na maana ya ofisi yoyote au ofisi yenye fedha, na kama aliyeahidi anaweza kujikomboa kwa kulipa. Nimewahi kukaa katika meza ya namna hiyo. Duru ya pili ilipofika tulikuwa na mawakili sita na hakuna mfanyabiashara hata mmoja.

Kilichokuangusha ni aina ya biashara uliyoikubali. Ulitoa kura, kitu kinachotumika mara moja na kuisha, ukachukua neno la mtu ambaye, kuanzia dakika ile aliyokalia kiti, hakukuhitaji tena. Hata muuza duka anayekufahamu kwa miaka 10 angesita kabla ya kukupa gunia zima la mchele kwa masharti hayo. Kukopa harusi, kulipa matanga: siku ya kuomba kura alikuwa na kila sababu ya kukuonea upendo, na siku ya kulipa alikuwa na kila sababu ya kukusahau, mojawapo ikiwa imeketi kando yake na itarudi naye nyumbani.

Wazoefu wa michezo ya aina hii huyatengeneza mapatano yao kwa namna inayojilinda. Ulikuwa na kura kadhaa, basi ungempa zinazotosha kumweka mbele bila kumhakikishia ushindi, ukisubiri sehemu ya malipo kabla ya kutoa zilizobaki. Ungeweza kuomba fedha taslimu palepale kama rehani, kwa makubaliano kwamba utazirudisha siku mwanao atakapoajiriwa. Asingeajiriwa, ungebaki na fedha. Lakini njia bora kuliko zote, nayo ndiyo ngumu, ni kuomba kitu ambacho mwenzako atakuwa na faida ya kukitoa hata asingekuwa ameahidi. Mwenyekiti mwenye madeni anahitaji ofisi inayomwingizia fedha. Kama mwanao ndiye mwenye akiba ya kuchangia pale dadu zinapopungua, basi kumwajiri ni kumsaidia Mwenyekiti, na hapo hutahitaji kumkumbusha ahadi.

Kuhusu wanandoa, meza yetu ina desturi ambayo si kanuni: mume na mke wanaocheza pamoja hawaketi jirani, na mtu yeyote anayeshawishiwa na mmoja wao huuliza kwa sauti kama mwingine anayajua masharti. Swali hilo moja limezuia mambo mengi. Tuna pia daftari la kawaida la shule ambamo kila ahadi ya baadaye huandikwa kwa mstari mmoja, nani kamwahidi nani nini, na mwanzoni mwa kila duru mtu mmoja huyasoma maandishi yote bila kutoa maoni. Daftari halimlazimishi yeyote. Wafanyabiashara wa kale walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na kwa uzoefu wetu ahadi nyingi huvunjwa kwa sababu kila mtu anaikumbuka kivyake. Chache sana huvunjwa kwa ubaya. Jambo likisomwa mbele ya watu watano, atakayelivunja atalivunja akijua analipa bei gani katika mapatano yake yanayofuata, na bei hiyo huwa kubwa, maana mchezo bado una duru mbele.

Sasa urafiki wenu. Nimeisoma barua yako mara mbili, na mara zote mbili jicho langu limesimama kwenye maneno «wote wawili wakacheka». Nimewaona watu wakisalitiwa vibaya zaidi yako mezani na kuondoka wakishikana mikono. Kinachobaki moyoni mara nyingi si kiti kilichopotea bali kicheko kilichofuata, ambacho hakikuwa ndani ya mchezo. Mpigie simu, umwulize habari za nyumbani kwanza, kisha umweleze kuhusu kicheko bila kuitaja ofisi kabisa. Ukianza na ofisi atajitetea kwa kanuni, na kwa upande wa kanuni atakuwa na haki.

Je, inafaa tucheze kabisa?

*Mhariri mpendwa, shikamoo. Familia ya babu yangu ilitoka Kutch, Gujarat, na mimi nimezaliwa Mombasa. Rafiki zangu wa kazini wamenialika katika mchezo huu. Nilikaa kama mtazamaji jioni moja, na kila jeshi la Kampuni lilipoteka jimbo la India walipiga makofi na kugawana ngawira. Sikusema kitu, ila sikulala vizuri. Sitaki kuwa mtu wa kuharibu furaha ya wengine. Je, ninakosea kuhisi hivi, na je, inafaa watu wa kwetu kucheza mchezo wa namna hii?*
*Mjukuu wa Mandvi, Makadara, Mombasa*

Marahaba, binti yangu. Hukosei, wala hukuharibu furaha ya mtu kwa kunyamaza. Ungeweza hata kuongea. Kitabu cha kanuni chenyewe, mwanzoni kabisa, kinasema wazi kwamba mchezo unauchora kwa uwazi utendaji wa taasisi iliyokuwa mbovu na yenye nguvu kwa wakati mmoja, kwamba huenda haumfai kila mchezaji, na kwamba kila aliyeketi mezani anapaswa kuwa ameridhia kabla ya kuanza. Kwa hiyo rafiki zako waliruka ukurasa, na unayo haki ya kuwaomba waurudie.

Ninavyouona, nguvu na udhaifu wa mchezo huu viko mahali pamoja. India imechorwa kama majimbo yanayoinuka, yanayopigana na yanayoanguka kwa kufuata kadi. Hakuna mchezaji anayezungumza kwa niaba yake, na mkulima anayelipa kodi haonekani popote ubaoni. Mtu anaweza kutetea kwamba hivyo ndivyo India ilivyoonekana kutoka ofisi za Kampuni katika mtaa wa Leadenhall, London: safu ya tarakimu zilizofika kwa meli miezi mingi baada ya matukio. Mwaka 1765 Kampuni ilipata kutoka kwa mfalme wa Kimughal, Shah Alam wa Pili, haki ya kukusanya mapato ya Bengal. Ukame na njaa vilipoipiga Bengal mwaka 1769 na 1770, mamilioni ya watu walikufa, nayo Kampuni iliendelea kudai kodi. Ukiwa mezani, mwaka kama huo unaweza kuwa duru nzuri. Utetezi ule ninauelewa na kwa sehemu ninaukubali, lakini unategemea wachezaji kuyajua yaliyoachwa nje ya ubao, na wenzako, kwa makofi yale, inaonekana hawakuyajua.

Nisingekubali, hata hivyo, kwamba jambo hili linamhusu Mhindi peke yake. Mombasa unayoishi ilitawaliwa na kampuni. Sultani Barghash wa Zanzibar alitoa idhini ya kusimamia sehemu ya pwani mwaka 1887, na mwaka 1888 kampuni ya William Mackinnon, Kampuni ya Kifalme ya Uingereza ya Afrika Mashariki, ikapata hati yake kutoka London. Ilikuwa na hisa, askari, bendera na madeni, haikufanikiwa kibiashara, na mwaka 1895 serikali ya Uingereza ikachukua nafasi yake. Wajerumani nao, kusini ya hapo, walianza kwa kampuni yenye hati ya mwaka 1885. Mtu wa pwani anayekaa kwenye meza ya John Company anakitazama chombo kilekile kilichotumika kwake, katika kiwanda kilikotengenezwa kwanza, na kwa sababu hiyo mimi ninaucheza na nitaendelea kuucheza. Nimeelewa mambo kuhusu deni, gawio na vita ambayo masomo ya historia shuleni yaliyapita haraka.

Jambo moja ubao unakosa kabisa, nawe unaweza kuwaambia rafiki zako, maana ni lako. Watu wa babu yako hawakukaa wakisubiri meli ya Kampuni. Vyombo vya Mandvi na Kutch vilikuwa vikija Mombasa na Zanzibar kwa upepo wa kaskazi tangu zamani, na biashara yao imeacha alama katika kinywa chetu: hundi, bima, laki, na hata bepari, ambaye kabla ya kuwa tusi la kisiasa alikuwa mfanyabiashara tu. Wakikualika tena, waombe dakika 10 kabla ya kufungua sanduku uwaeleze hayo na habari za Bengal ya 1770. Baada ya hapo ukiona makofi yanaendelea, sema samahani na uende nyumbani. Hapo utakuwa umewakataa wao, wala si mchezo.

Tuko watatu na jioni ni fupi

*Kwako Mhariri, tuko Leicester, marafiki watatu wenye watoto wadogo, na hatuna saa tano. Je, John Company inafaa kwa watatu, na kama haifai kuna mchezo mfupi wenye majadiliano kama hayo?*
*Baba Pacha*

Kanuni zinaruhusu watatu, lakini majadiliano hupungua ladha, kwa kuwa wawili wakishaelewana hakuna wa nne wa kumkimbilia. Mkiamua kujaribu, anzeni na mchezo unaoanzia mwaka 1710, wakati Kampuni bado ni ndogo, na uacheni ule wa 1813, ambao unafungua mlango kwa makampuni binafsi na kuongeza mambo mengi ya kukumbuka. Chezeni duru moja ya mazoezi mkionyeshana fedha, kisha mfute na kuanza upya.

Kwa hali yenu, lakini, ningechukua Chinatown, uliobuniwa na Karsten Hartwig na kutolewa mwaka 1999. Ni wa wachezaji watatu hadi watano na hauhitaji zaidi ya saa moja na nusu. Mnakuwa wafanyabiashara katika mtaa wa Wachina wa New York kuanzia 1965 hadi 1970, duru moja kwa kila mwaka. Mnapewa viwanja na vibandiko vya maduka kwa bahati, karibu kila mara mahali pasipowafaa, kisha mnabadilishana chochote kwa chochote, viwanja, maduka na fedha, mpaka maduka ya aina moja yakae jirani. Kila kinachopatanwa hukabidhiwa palepale, kwa hiyo ule ugonjwa wa ndugu yetu wa South B hauna nafasi ya kuingia.

Siri yake iko katika kalenda, na wengi hawaioni mpaka mchezo wa tatu. Duka hulipa mwishoni mwa kila mwaka, hivyo kiwanja kinachokamilisha duka lako mwaka 1965 kitakulipa mara sita, na kiwanja hichohicho mwaka 1970 kitakulipa mara moja tu. Watu huzozana kwa bei moja mwaka hadi mwaka kana kwamba bidhaa haijabadilika. Kama mimi ndiye ninayekishika kiwanja unachokihitaji mwaka 1966, nitahesabu nyongeza ya malipo matano utakayoipata na kukudai angalau nusu yake. Ukinikatalia na kurudi mwaka 1969 na bei ileile uliyoikataa, nitakuuzia haraka sana, kabla hujahesabu kwamba yamebaki malipo mawili.